Daktari wa Viatu

Nilimchukia mtu mmoja kwa mwaka mzima, na mwaka huo nikafanya kazi nzuri kuliko mwaka mwingine wowote wa maisha yangu. Nalisema hilo mwanzoni ili mtu asije akanionea huruma mahali pasipostahili. Nilikuwa nafika zahanati kabla ya mfagiaji. Nilipima presha mikono yote miwili. Niliwavua wagonjwa viatu na soksi, wote, hata aliyekuja na jino, mpaka mzee mmoja akaniuliza kama hapa pamegeuka msikiti. Watu walinisifu. Hawakujua kuwa bidii yote ile ilikuwa ya kumkomoa mtu.

Mtu mwenyewe ni daktari mwenzangu hapa Gisenyi, Rwanda, mpakani na Goma. Sisi madaktari wa familia tuko sita, wengine tuna zahanati mjini, mmoja yuko kituo cha afya cha Kanama. Kila Alhamisi ya mwisho ya mwezi, saa nane mchana, tunakusanyika chumba cha nyuma cha zahanati ya mmoja wetu kukaguana kazi. Kila mtu huleta nakala za vijitabu vya wagonjwa, wake au aliokutana nao. Jina la mgonjwa na la daktari tunalifunika kwa plasta nyeupe, ile ile ya kufungia vidonda. Kisha mmoja anasoma kwa sauti, wengine wanasema nini kingefanywa vizuri zaidi. Mwenye kosa hajitaji. Anakaa kimya, anasikiliza, anakwenda kurekebisha. Na maneno ya chumbani yanabaki chumbani. Ni utaratibu mzuri, na sijawahi kuwa na ugomvi nao.

Ila plasta haifuniki mwandiko. Miaka inapita, mnajuana. Wangu umelala upande kama nyasi za mteremkoni. Wa mkubwa wetu ni wima, wa wino wa kijani, kwa sababu anaamini daktari mwenye kujiheshimu haandiki kwa kalamu ya kila mtu. Tunamwita Grand, kama wanavyoitwa wakubwa huko Goma alikozaliwa na kusomea kabla ya familia yao kurudi upande huu. Kikao alikianzisha yeye. Mimi ananiita petite, yaani mdogo, ingawa nina miaka arobaini na miwili na watoto wanne.

Siku aliyonichoma ilikuwa ya mvua. Kijitabu kilichosomwa kilikuwa cha fundi cherehani, mzee wa mtaani kwetu, rafiki wa marehemu baba yangu. Ana kisukari. Miezi kumi na moja alikuja kwangu, nikampima sukari, nikamwandikia dawa, tukaulizana habari za nyumbani. Sikuwahi kumwangalia miguu. Kila mwezi nilijua kwamba napaswa kuiangalia. Lakini yule ni mtu aliyenishonea sare ya shule. Ananiita mwanangu, mimi namwita baba mdogo, na anapokaa mbele yangu na kofia yake na viatu vilivyong'arishwa, kumwambia avue soksi nimshike nyayo ilikuwa kama kumvunjia heshima ukweni. Mara moja nilijaribu. Akacheka, akasema, "Mwanangu, miguu yangu iko salama, wewe nipe dawa tu." Nikampa dawa tu. Baadaye kidole cha mguu wa kushoto kikaoza ndani ya soksi, na hospitali wakakikata.

Kosa lilikuwa langu. Nilikaa pale nimeinamisha uso, nangoja nisikie nifanye nini ili mwingine asipoteze kidole. Waliosema walisema vizuri. Halafu Grand akavua miwani.

"Bon. Miezi kumi na moya mugonjwa anakuya, anaenda, na hakuna mutu aliangalia miguu yake? Uyu docteur haiko anatunza mutu. Iko anatunza viatu."

Wakacheka. Hata mimi nilicheka, Mungu anisamehe, kwa sababu usipocheka unajitaja. Kama angeishia hapo ningelia nyumbani yakaisha. Lakini kesho yake alilirudia neno lile kwenye duka la dawa karibu na njia ya mpakani, mbele ya muuzaji na wauguzi wawili, na safari hii plasta haikuwepo. Kabla ya wiki kuisha nilikuwa Daktari wa Viatu. Wauguzi wananyamaza nikiingia. Dereva wa pikipiki niliyemtibu malaria ananiuliza, akijifanya mpole, kama naweza kumwangalia raba zake. Mama yangu alilisikia arusini, kati ya sinia la pilau na sinia la pilau, kutoka kwa mwanamke ambaye alikuwa anamtafutia neno tangu ujana wao. Alirudi nyumbani, akakaa na buibui lake bila kulivua.

"Kumbe binti yangu siku hizi anatibu viatu," akasema.

Nilimweleza. Nilimwambia juu ya fundi, juu ya kidole, juu ya sheria ya chumba ambayo Grand ameivunja. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema niende nikamwombe radhi fundi, na huyo daktari nimwachie Mungu. La kwanza nililifanya. Fundi akaniwekea kiti, akanyoosha mguu wake mbele yangu bila soksi, akasema amebaki na vidole tisa na cherehani linakanyagwa vizuri na mguu wa kulia. La pili sikuliweza. Niliona Mungu ana kazi nyingi.

Basi nikaanza kumwinda. Vijitabu vya wagonjwa wa Grand vilipokuja mikononi mwangu nilivisoma kama hakimu. Wagonjwa hapa wanazunguka. Leo yuko kwangu, kesho kwake, keshokutwa amevuka mpaka. Kwa hiyo wino wa kijani ulinipitia mara nyingi. Na nitasema ukweli hata kama unanichoma: ulikuwa mzuri. Mtu yule anaandika kila kitu. Anauliza mgonjwa analala wapi, anapika na nini, nani anamfulia. Kwa miezi mingi sikupata hata koma ya kumkamatia, na kila kijitabu safi kilinizidishia hasira.

Huku nikingoja, nikatega mtego mwingine. Kwenye kikao nilipendekeza karatasi tunayojaza kwa kila kijitabu iongezewe mistari miwili: kosa lilionekana siku gani, na aliyeliona alifanya nini siku hiyo. Nilisema ni kwa faida ya wagonjwa. Nilichokuwa nacho moyoni ni wauguzi wa Grand. Niliamini wanayaona makosa yake na kuyameza kwa kumwogopa, na nilitaka siku yakitoka yatoke na tarehe zake, ili ijulikane ni muda gani watu walikaa kimya kwa ajili yake. Wote wakaafiki, naye wa kwanza.

"Petite, hii ni akili," akasema, akanimiminia chai.

Mama wa sambaza alikuja Jumamosi moja asubuhi. Ni mwanamke wa Nyamyumba, mnene, mchangamfu, anauza sambaza, samaki wale wadogo wa ziwani, kwa bakuli, sokoni. Hakuwa mgonjwa wangu. Grand alikuwa Kigali kwa siku mbili, naye kikohozi kilimchosha, akaona aingie mlango wowote ulio wazi.

"Docta, mi nimechoka na hii kikohozi," akasema. "Miezi ine. Usiku bwana yangu anahama chumba. Kwa soko, wakati niko napima sambaza, nakohoa, batu banafikiri niko na kifua kikuu, banakimbia. Juzi nilirudi na karibu yote."

Nilimsikiliza mapafu. Safi kabisa. Hakuwa na homa, hakuwa amekonda, makohozi yamepimwa mara mbili na hayana kitu. Nikafungua kijitabu chake, na wino wa kijani ukanipokea. Ukurasa wa kwanza: presha ya juu, kidonge kimeanzishwa. Wiki tatu mbele: kikohozi kikavu, dawa ya maji. Mwezi uliofuata: kikohozi, antibiotiki. Halafu dawa nyingine ya maji. Halafu antibiotiki nyingine, kali zaidi. Na kila mara, chini kabisa, kwa mwandiko uliosimama wima: aendelee na kidonge cha presha.

Kidonge kile kina tabia inayofundishwa mwaka wa tatu wa udaktari. Kinashusha presha vizuri, ila kwa baadhi ya watu kinaleta kikohozi kikavu kisichokwisha mpaka ukibadilishe. Hakihitaji antibiotiki wala dawa ya maji. Unachukua kalamu, unafuta jina moja, unaandika jingine, na baada ya wiki chache mtu analala. Grand, mtu wa miwani na wino wake, alikuwa anampa mama wa watu kikohozi asubuhi na kumtibu kikohozi hicho hicho jioni, miezi minne.

Nyani haoni kundule. Neno hilo lilinijia na likaniwasha mwili mzima kwa furaha. Nikasoma tena kutoka mwanzo, polepole, kama mtu anayekula muwa. Nikamwomba yule mama ruhusa ya kupiga picha kurasa zile kwa ajili ya kikao chetu cha madaktari, akanikubalia kwa moyo wote. Alikuwa ananitazama usoni muda wote niliokuwa nasoma. Nilipoinua kichwa nilimkuta naye ananichekea, amekuwa mwepesi, kama mtu aliyepewa habari njema. Sikujiuliza kwa nini.

Kalamu ilikuwa mkononi. Kubadilisha kidonge kile kungenichukua muda mfupi kuliko kuandika sentensi hii. Lakini nikikibadilisha, kosa lingekuwa limerekebishwa, na kwenye karatasi lingeonekana dogo: daktari mmoja hakuliona, mwenzake akaliona, mambo yakaisha. Nililitaka bichi. Nilitaka kijitabu kisomwe kikiwa bado kinakohoa. Basi nikamwambia mama yule kwamba mapafu yake ni mazima, arudi kwa daktari wake atakaporejea, na aendelee na dawa zake. Nikampa na vidonge vya kumumunya vya koo, bure. Akanishukuru kwa mikono miwili. Kikao kilikuwa baada ya siku kumi na tisa.

Wanasema subira huvuta heri. Siku zile kumi na tisa sijui nilikuwa navuta nini, ila nilivuta kwa raha. Nilifanya mazoezi ya sentensi yangu kwenye gari, nikipanda Kanama kumwona dada yangu, viazi na maharage yakipita dirishani. Niliijaribu kwa sauti ya chini, kisha ya juu. Nilibandika plasta juu ya jina la mgonjwa na juu ya jina la daktari kwa uangalifu mkubwa, pembe zake nikazikata kwa mkasi. Kila usiku niliomba Grand asiugue akakosa kuja.

Alikuja. Alikaa mahali pake karibu na dirisha. Chai ya maziwa, mandazi, karatasi zikachanganywa. Mwenzetu wa Kanama, mwanamke aliyekulia Uganda na ambaye Kiswahili chake kinatembea polepole na fimbo, ndiye aliyekuwa mwandishi. Kijitabu changu kilipofikiwa niliomba nikisome mwenyewe. Nilisoma ukurasa kwa ukurasa. Kikohozi, dawa ya maji. Kikohozi, antibiotiki. Aendelee na kidonge. Nikaona wenzangu wanaanza kutazama chini, mmoja baada ya mwingine, kwa maana wino wa kijani unatoka hata kwenye picha. Nilipomaliza nikavua miwani yangu, maana nami siku hizi ninayo, nikaitoa sentensi yangu.

"Daktari huyu hatibu mtu. Anatibu kikohozi alichokipika mwenyewe."

Hakuna aliyecheka. Hilo sikuwa nimelifanyia mazoezi. Grand alikuwa ameweka kikombe chini.

"Iko yangu," akasema.

Kwenye kikao chetu hakuna aliyewahi kujitaja. Mwandishi akaacha kalamu.

"Ni yangu. Nilikosea. Dawa nilianzisha mi mwenyewe, na kikohozi nilisikia na hii masikio yangu, na sikuunganisha. Miezi ine." Akafuta midomo kwa mkono. "Uyu mama alianguka Juma Tatu. Alikuwa ameacha vidonge yote ya presha, wiki mbili na kitu. Upande ya kushoto haitembei. Iko hospitali."

Nilisikia mtu anasema Mana yanjye, Mungu wangu. Nadhani ni mimi. Mwandishi wa Kanama, mtu wa taratibu, akarudi kwenye karatasi yake, akafika kwenye mstari wangu, ule nilioupigania.

"Dada, pole, lazima niandike. Kosa lilionekana siku gani? Na aliyeliona alifanya nini?"

Simu yangu ilikuwa mezani, picha iko wazi, na juu yake tarehe. Nikaifunika kwa kiganja. Grand alinitazama, na nikajua anajua. Mama yule alikuwa amemwambia, pale kitandani hospitalini. Kwa nini asimwambie? Grand alikuwa amesafiri, mgonjwa wake akaonwa na daktari mwingine, kitu cha kwanza mgonjwa anachosema ni hicho. Siri yangu alikuwa nayo mkononi sasa. Kwa sentensi moja angenimaliza mbele ya wenzangu wote, na safari hii lisingekuwa neno la kuchekesha.

"Andika leo," akasema. "Ameiona leo, wakati iko anasoma."

Na mwandishi akaandika leo. Nami nikaacha iandikwe.

Watu wakiambiwa hadithi hii husema mzee yule ni muungwana. Labda. Mimi nilimchukia siku ile kuliko siku ya viatu. Tusi lake niliweza kulibeba mwaka mzima na kulifanyia kazi. Hisani yake sikujua pa kuiweka. Alipokuwa anatoka alinipa kikombe chake nikiweke kwenye beseni, kama anavyofanya siku zote, akasema, "Petite, enda muone." Sijamsamehe mpaka leo, wala sidhani kama anangoja nimsamehe.

Karatasi ile nilikuja kuirekebisha mwezi uliofuata, kwa mkono wangu, mbele ya wote. Nilifuta leo nikaandika Jumamosi, na penye mstari wa pili nikaandika: hakufanya kitu, alikuwa anangoja kikao. Grand alitazama nje ya dirisha muda wote. Lakini asisingiziwe mtu kwamba nilifanya hivyo kwa sababu ya wema wake. Nilifanya kwa sababu ya Jumamosi iliyofuata kikao kile, nilipokwenda hospitali.

Alikuwa amelala kitanda cha karibu na mlango. Dada yake alikuwa anamlisha uji, na nusu ulikuwa unarudi kidevuni. Akili ilikuwa nzima, maneno yalitoka polepole, upande mmoja wa mdomo. Alinitambua mara moja, akafurahi, akamwambia dada yake aniachie kiti. Kikohozi kimekwisha, akanionyesha kwa kupumua kwa nguvu. Bila shaka kilikwisha, kidonge hakikuwepo tena.

Nilikuwa nimejiandaa kusema. Nilitaka nianze na swali dogo, nipate pa kukanyaga.

"Mama, kwa nini uliacha dawa? Nilikuambia uendelee."

"Ulisema." Akapumzika. "Lakini mi nilikuwa nakuangalia, Docta. Mi nilikuya kwako na woga. Nilikuwa najua ni kifua kikuu, ao mubaya zaidi. Na we ukafungua kitabu, ukasoma, ukaanza kucheka. Ukasoma tena, ukacheka tena. Na furaha mingi. Nikasema, Mungu, asante, kumbe sina ugonjwa. Docta hawezi kucheka hivi juu ya mutu mugonjwa." Dada yake akampangusa kidevu. "Nikaenda nyumbani, nikasema dawa ya nini tena. Nikatupa."

Nje mtu alikuwa anaosha ndoo. Sentensi niliyokuwa nimeiandaa ilikuwa na maneno kama pole na makosa, na hakuna hata moja lililofaa kitu. Mkono wake mzima ukanitafuta juu ya shuka, ukanishika, ukanivuta nisogeze uso karibu. Alinichunguza kama siku ile.

"Docta, leo hauko unacheka," akasema. "Ni kusema nitakufa?"

Nikacheka. Nilicheka mbele yake na machozi yakinitiririka, nikamwambia hapana, hutakufa, nikaendelea kucheka mpaka mkono wake ukalegea na akarudi kwenye mto.